Gego la mwisho limelala na fizi inavimba kila mara: ling'olewe au liachwe?

Swali: Nina miaka 24. Gego la mwisho la chini upande wa kulia limetoka nusu tangu mwaka jana, na fizi iliyo juu yake imevimba mara tatu. Kila mara nanunua amoksilini dukani, inatulia, kisha inarudi. Safari hii taya lilikaza hata kijiko kikawa hakiingii. Daktari amepiga picha, akasema jino limelala na kulitoa kunahitaji upasuaji mdogo. Jirani ananionya kwamba mishipa ya jino hilo imeungana na ya macho. Je, ni kweli? Haliwezi kunyooshwa tu? Na mdogo wangu wa miaka 13 ana chonge moja ya juu ambayo haijatoka. Ni tatizo hilohilo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada, kwa maelezo hayo jino hilo litoke. Ila litoke fizi ikiwa imetulia, si siku ambayo shavu limejaa, na uwe umeshaelewa picha inasema nini. Macho hayahusiki kabisa, ingawa jirani hakukosea kila kitu: mishipa ipo, amekosea tu inakoelekea.

Jino lililokwama ni lile ambalo wakati wake wa kuota umepita na bado halijafika kwenye mstari wa wenzake, kwa kuwa limezuiwa na jino jingine, na mfupa au na fizi nene. Jino lolote linaweza kukwama, lakini magego ya mwisho yanaongoza kwa mbali, kisha huja chonge za juu. Kwa gego la mwisho shida kubwa ni nafasi. Kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25, taya likiwa karibu limemaliza kukua, na lililobaki kwake ni kipande cha nafasi kati ya gego la pili na ule mfupa unaopanda kuelekea sikioni. Kipande hicho kikiwa kifupi, linakaa kama abiria wa mwisho kwenye daladala: kiubavu, bega limemwegemea jirani.

Kulala nako kuna namna yake. La chini mara nyingi huinama mbele, kichwa kikigonga shingo ya gego la pili. Mengine hulala mlalo kabisa. Mengine husimama wima lakini yako chini mno. Yapo pia yanayoinama nyuma, na hayo huwadanganya hata wenye uzoefu. Kwenye picha yanaonekana mepesi, kumbe njia yao ya kutokea inaelekea ndani ya mfupa unaopanda, na ndiyo yanayosumbua zaidi kuyatoa. Mgawanyo huu wa mwelekeo ni wa George Winter, wa mwaka 1926. Mwaka 1933 Pell na Gregory waliongeza vipimo vya kina cha jino na nafasi iliyo nyuma yake. Daktari akikuambia jino lako ni "gumu" au "rahisi", anachopima kichwani ni mambo hayo, pamoja na umbo la mizizi.

Tuje kwenye fizi. Jino lililotoka nusu hubaki na kipande cha fizi kilicholifunika kwa nyuma, mfano wa kope iliyoshuka juu ya jicho. Chini ya kope hiyo kuna mfuko ambao mswaki haufiki. Chembe za ugali, nyuzi za nyama na maganda ya maharage huingia humo zikaoza, na bakteria wasiopenda hewa hustawi. Fizi ikishavimba, gego la juu linaanza kuing'ata kila unapofunga mdomo, inaumia, inavimba zaidi, inang'atwa zaidi. Amoksilini hupita kwenye damu, ikawapunguza bakteria waliokwishaingia kwenye nyama, lakini uchafu ulio mfukoni inauacha palepale. Ndiyo maana uvimbe unarudi, na hapo sijagusia wanaonunua vidonge sita badala ya dozi kamili.

Tiba yenyewe ya uvimbe huo ni kuosha. Daktari huchukua bomba la sindano lenye ncha butu iliyopinda, analipitisha chini ya kope ya fizi na kusukuma maji ya chumvi ya hospitali au klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, mpaka yanayotoka yawe safi. Kama gego la juu linaing'ata fizi, hulichonga kidogo, au hulitoa ikiwa halina kazi. Nyumbani unaendelea kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, mara nne hadi sita kwa siku. Antibayotiki huongezwa pale penye homa, tezi zilizovimba, shavu lililojaa au taya lililokaza. Mara nyingi huanza na metronidazoli, kwa sababu inawalenga hao bakteria wasiopenda hewa. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 3, na pombe usiiguse mpaka zipite siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Ukiwa mjamzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Taya kukaza maana yake uvimbe umefika kwenye misuli ya kutafuna. Hapo umeshavuka hatua ya kununua dawa dukani. Na kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: uvimbe unaoshuka chini ya taya na shingoni, sakafu ya mdomo kuinuka na kuusukuma ulimi juu, mate kukutoka kwa sababu kumeza hakuwezekani, sauti kubadilika, pumzi kuwa nzito. Huo ni maambukizi yanayoweza kuziba njia ya hewa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kubwa usiku huohuo, awe amekaa, asilazwe chali.

Kwa nini lisinyooshwe? Kwa sababu hata likinyooka halina pa kukaa. Kukata kope ya fizi peke yake hufanyika, lakini kwenye jino lililoinama fizi hukua tena ikafunika. Wakati huohuo sikubaliani na wanaong'oa kila gego lililokwama kwa hofu ya baadaye. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilisema mwaka 2000 kwamba magego ya mwisho yaliyokwama bila ugonjwa wowote yasitolewe kwa kinga tu. Mwongozo huo unasema uvimbe wa fizi wa mara ya kwanza, usipokuwa mkali sana, hautoshi kuwa sababu ya kung'oa, na kwamba kuanzia wa pili unatosha. Wewe uko wa tatu, tena wenye taya kukaza. Lakini mtu mwenye jino lililozikwa lote ndani ya mfupa, halimuumi na picha ni safi, anaweza kuliacha na kulipiga picha kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Na akiambiwa ling'olewe ili lisije likasukuma meno ya mbele yakapandana, aulize maswali zaidi. Kupandana kwa meno ya mbele ukubwani hutokea hata kwa wasio na magego ya mwisho, na utafiti haujathibitisha kwamba ndiyo yanayosukuma.

Rudi kwa daktari wako umwombe akuonyeshe picha, ile inayochukua taya zima kwa mpigo mmoja. Mwulize kwanza juu ya mgongo wa gego la pili, pale linapogongwa. Kivuli cheusi hapo ni uozo uliojificha, na ukichelewa utapoteza meno mawili badala ya moja. Kisha atazame mstari mweusi unaozunguka kichwa cha jino lililokwama. Huo ni mfuko ambamo jino liliumbwa. Ukiwa mwembamba ni kawaida, ukizidi milimita 4 hivi kunashukiwa kifuko cha maji kinachokula mfupa polepole bila maumivu. Kwenye kona hiyohiyo ya taya la chini ndiko hupenda kuanzia ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao si mgeni katika hospitali zetu. Taya linaloongezeka upana bila kuuma linatisha kuliko linalouma, kwa sababu mwenye nalo hukaa nalo miaka.

Jambo la tatu kwenye picha ndilo linalogusa maneno ya jirani. Ndani ya taya la chini kuna mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu, nao huleta hisia kwenye meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu upande huo. Mshipa mwingine hupita karibu na fizi ya ndani kwenda kwenye ulimi. Wa macho unatoka kwenye ubongo moja kwa moja kwenda jichoni, haupiti kwenye taya. Kwa hiyo hatari ya kweli ni ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi. Wachache huipata kwa wiki au miezi kisha hisia zikarudi. Inayobaki moja kwa moja huwapata chini ya mmoja kati ya watu 100. Mzizi ukionekana kuwa mweusi pale unapokatiza mfereji, mfereji ukipinda ghafla, au mistari yake myeupe ikikatika, basi huenda viwili hivyo vinagusana. Hapo unastahili picha ya CT ya taya kabla ya kisu. Daktari anaweza pia kukushauri kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi ndani ya mfupa, mradi mizizi haina ugonjwa wala haijalegea. Mizizi hiyo husogea juu kidogo kadiri miaka inavyokwenda, ikajitenga na mshipa.

Kwa nini usubiri fizi itulie? Kwa sababu penye usaha pana asidi nyingi, na ganzi kwenye asidi haifanyi kazi vizuri. Wengi wanaosimulia kwamba "waling'olewa wakiwa wanasikia kila kitu" walikwenda siku ya uvimbe. Isipokuwa kuna jipu linalohitaji kutobolewa haraka, wiki moja au mbili za kuosha hubadilisha siku nzima ya upasuaji. Miaka 24 ni umri mzuri pia. Mfupa bado una ulaini kidogo, na kidonda hupona upesi kuliko cha mtu wa 40.

Siku yenyewe kula kabla, kama utachomwa ganzi ya kawaida. Ganzi hiyo ni lignokaini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu ili dawa ikae. Huchomwa nyuma ya taya kuuziba mshipa mkuu, kisha kidogo kwenye fizi ya shavuni. Subiri dakika tano hadi kumi mpaka nusu ya mdomo wa chini ihisi nene kama imevimba, ukiigusa ni kama unagusa ya mtu mwingine. Mdomo usipokufa hivyo, sema, uongezewe. Kusukumwa na mtikisiko utavisikia, maumivu makali hapana.

Daktari atachana fizi nyuma na pembeni mwa jino, upande wa shavu, aifungue kama ukurasa. Upande wa ulimi haguswi bila sababu, kwa ajili ya ule mshipa. Kisha ataondoa mfupa kidogo kwa ncha inayozunguka, msaidizi akimwaga maji ya chumvi muda wote, kwa kuwa mfupa ukipashwa joto kufikia nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na kidonda chenye mfupa uliokufa hakiponi. Mashine inayotumia upepo, ile ya kuzibia meno, haifai hapa. Ikipuliza hewa chini ya fizi, shavu na shingo hufura papo hapo, na ukibonyeza ngozi inalia kama karatasi. Jino lililolala halivutwi zima. Linakatwa vipande, kwa kawaida kichwa kwanza, ili kisiendelee kulinyanyua gego la pili. Ule mlio wa "ta!" utakaousikia ni jino linalopasuka, si taya. Vipande vikitoka, shimo linakwanguliwa mabaki ya ule mfuko, linaoshwa, fizi inarudishwa na kushonwa nyuzi mbili tatu. Yote hayo huchukua kati ya dakika 20 na saa moja. Uzi wa hariri hutolewa baada ya siku 7. Kuna aina nyingine inayoyeyuka yenyewe.

Baada ya hapo ng'ata gozi, kile kitambaa laini cha hospitali, kwa nusu saa bila kuichungulia. Mate ya rangi ya waridi mpaka kesho yake si kitu. Damu ikianza tena, kunja gozi safi iliyolowa, au kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa, ung'ate dakika 30 nyingine ukiwa umekaa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shavuni dakika 20, ipumzishwe 20, kwa siku ya kwanza. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo usishtuke ukiamka umefura kuliko jana. Shituka ukiendelea kuongezeka siku ya nne au ya tano, au ukija na homa. Dawa ya maumivu imeze kabla ganzi haijaisha, usingoje iume. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, pamoja na parasetamoli gramu 1, isiyozidi gramu 4 kwa saa 24, huwatosha wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiitumie ibuprofeni. Aspirini usimeze, na kamwe usiisage ukaiweka kwenye fizi, itaiunguza. Mdomo ukiwa bado umekufa ganzi kesho yake, piga simu kwa daktari, usikae kimya.

Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usitumie mrija, usivute sigara. Vyote vinang'oa bonge la damu lililoziba shimo, na bonge hilo ndilo msingi wa mfupa mpya. Sigara iwe mbali wiki nzima ukiweza. Kula uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, ndizi mbivu. Bisi, karanga na mahindi ya kuchoma subiri. Kuanzia siku ya pili rudia maji ya chumvi taratibu, ukiinamisha kichwa huku na huku na kuyaachia yadondoke.

Bonge likitoka mapema unapata shimo kavu, na gego la mwisho la chini ndilo linaloongoza kwa hilo. Utalijua hivi: siku ya tatu au ya nne maumivu, badala ya kupungua, yanapanda mpaka sikioni, harufu inakuwa mbaya, na ukiangalia kwenye kioo unaona shimo tupu lenye mfupa wa kijivu. Antibayotiki hazisaidii hapo. Daktari ataliosha na kupakia dawa yenye yujinoli, ile inayotoka kwenye mafuta ya karafuu, na nafuu huja ndani ya saa chache. Huenda ukabadilishiwa mara mbili au tatu. Usimimine mafuta ya karafuu yenyewe nyumbani. Yakiwa hayajazimuliwa yanababua fizi. Wanaovuta sigara na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wako kwenye hatari zaidi, kwa hiyo mtajie daktari dawa zako zote.

Mdogo wako ana tatizo la jamaa moja, ila dawa yake ni kinyume. Gego la mwisho tunaliondoa. Chonge tunaitafutia njia ishuke, kwa sababu mzizi wake ni mrefu na ndiyo inayoshika kona ya mdomo. Chonge ya juu hutoka kati ya miaka 11 na 13, na kuanzia miaka 10 unaweza kuigusa kwa kidole kama kivimbe kigumu juu ya fizi, upande wa nje. Pitisha kidole pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa na kivimbe na mwingine hauna, au chonge ya utoto bado imekaa imara wakati ya upande wa pili ilishabadilika, basi jino limepotea njia, mara nyingi kuelekea kwenye paa la mdomo. Urithi una mkono wake humo, kwa hiyo swali lako juu ya mdogo wako si la bure. Swali jingine, muulize mama: je, akiwa mchanga alitolewa "meno ya plastiki"? Hakuna meno ya namna hiyo. Kinachochimbuliwa kwenye fizi ya mtoto mwenye homa au anayeharisha ni chonge changa, na mkono uliochimba unaweza kuharibu hata mbegu ya chonge ya ukubwani iliyo nyuma yake. Kwa mtoto wa namna hiyo, jino lisilotoka huenda halipo, au lipo limepinda.

Likigundulika mapema, tiba ni nyepesi ajabu. Nchini Sweden, Ericson na Kurol walionyesha mwaka 1988 kwamba kung'oa chonge ya utoto kati ya miaka 10 na 13 kuliirudisha chonge ya ukubwani kwenye njia katika asilimia 78 ya waliofuatiliwa. Mdogo wako yuko ukingoni mwa umri huo. Nafasi ikishapita, fizi hufunguliwa, kibandiko chenye mnyororo mwembamba kikagandishwa kwenye jino, na waya za meno zikalivuta polepole kwa mwaka mmoja hadi miwili. Likiachwa bila kuangaliwa linaweza kuila mizizi ya meno ya mbele bila kuuma hata kidogo, na hilo huonekana kwenye picha tu. Kwa hiyo utakapokwenda kwa ajili ya gego lako, mchukue naye, apigwe picha siku hiyohiyo.